Kanzu, Dai na Shahidi: Swali la Ukweli wa Vazi katika Maniema ya Kusini

Ustadi wa kupanga mitindo ya mavazi, yaani kazi ya kuchagua nguo, vazi la kichwa, viatu, mapambo na hata namna ya kusimama ili mtu au picha yake ionekane kama ilivyokusudiwa, siku hizi ni somo la shahada ya uzamili katika vyuo vya Milano, London na Paris, na mara nyingi hufundishwa sambamba na mawasiliano ya kuona, ambayo ni elimu ya jinsi rangi, umbo na taswira zinavyobeba maana kutoka kwa anayeonesha hadi kwa anayetazama. Somo hilo lina nadharia zake na lina soko lake. Ndani yake, hata hivyo, mna swali ambalo soko haliligusi: anayemfundisha mtu kuonekana, anamfundisha kusema kweli au kumdanganya anayemtazama? Swali hilo ni la falsafa kwa kuwa linahusu sura ya nje na kiini cha mtu, na ni la dini kwa kuwa Uislamu na Ukristo, dini ambazo zimeishi jirani kwa muda mrefu Kasongo na Kabambare, zote zina hukumu juu ya mtu anayejionesha. Miji hiyo miwili ya Maniema ya kusini, mashariki mwa Kongo, ambayo msomaji wa vitabu vya mitindo hatarajii kuikuta humo, ina historia inayolifafanua swali hilo kuliko majukwaa ya maonesho ya Ulaya, kwa sababu huko watu waliwahi kubadilisha hadhi yao mbele ya jamii kwa kubadilisha nguo, na gharama ya mabadiliko hayo ikajulikana.

Nguo ya asili ya nchi hiyo ya Wabangubangu, Wakusu na Wazimba ilifumwa kwa nyuzi za mwale, mti wa jamii ya mitende ambao majani yake hutoa nyuzi laini na imara. David Livingstone, aliyefika Kabambare mwaka 1869 na kuuandika mji huo kwa jina la Bambarre, aliziona nguo hizo na kuzitaja katika shajara zake. Misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilileta vitambaa vingine, hasa merikani, kitambaa cheupe kisichopaushwa ambacho awali kilitoka katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, na kaniki, kitambaa kilichotiwa rangi ya nili ambacho asili yake ni India. Vilipimwa kwa doti, yaani mikono minane, au kwa jora zima kama lilivyotoka kiwandani, na katika njia yote ya kutoka pwani hadi mto Lualaba vilikuwa nguo na fedha kwa wakati mmoja. Jambo hilo lisipitwe haraka. Mtu aliyejifunga doti ya merikani alikuwa amejifunga mali ileile iliyonunua chakula njiani, iliyonunua pembe za ndovu, na iliyonunua binadamu.

Hamed bin Muhammed el-Murjebi, mfanyabiashara wa Zanzibar ambaye dunia inamjua zaidi kwa jina la Tippu Tip, alifanya Kasongo makao yake katika miaka ya 1870, na mabaki ya mji wake wa zamani bado yanajulikana mahali panapoitwa Tongoni. Pamoja na bunduki na biashara ya pembe vilikuja mpunga, Kiswahili, madarasa ya Kurani, kanzu na kofia, na kulizunguka baraza lake na baadaye lile la mwanawe Sefu, watu wengi wa bara, wakiwemo wapagazi, askari na hata mateka waliolelewa katika nyumba za mabwana, walianza kujiita waungwana. Pwani, muungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru, mwenye nasaba inayojulikana. Bara, jina hilo lilitwaliwa na watu ambao wengi wao, kwa mujibu wa sheria ya pwani yenyewe, walikuwa bado watumwa. Kutwaa jina kulikwenda pamoja na kutwaa vazi. Zanzibar ya wakati huo mtumwa hakutarajiwa kufunika kichwa wala kuvaa viatu mbele ya bwana wake, na ilikuwa baada ya utumwa kufutwa kisheria mwaka 1897 ndipo wanawake wengi waliotoka utumwani walipoacha kaniki na kuvaa kanga, kisha buibui, kama tangazo la hali yao mpya. Maniema haikuisubiri sheria. Huko kofia ilitangulia, na sheria, kama ilikuja, ilikuja nyuma ya kofia.

Namna mji huo ulivyoonekana katika siku zake za mwisho inajulikana kwa ushahidi wa adui. Sidney Hinde, daktari Mwingereza aliyefuatana na jeshi la Dola ya Kongo, chini ya kamanda Dhanis, lililouteka Kasongo tarehe 22 Aprili 1893, alieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1897 jinsi askari wa kawaida walivyojikuta wakilala juu ya magodoro ya hariri na satini, katika vitanda vilivyochongwa na kutundikwa vyandarua vya hariri. Kabambare ilitekwa Januari 1894. Dola ya Kongo ya mfalme Leopold ilikuwa imevunja utawala wa waungwana, lakini haikuweza kuwavua kanzu, na Uislamu wa Kasongo ulioishi chini ya tuhuma za wakoloni kwa zaidi ya nusu karne uliendelea kutambulikana kwa vazi hilohilo.

Sasa swali linaweza kuulizwa kwa ukali wake. Mateka wa Kabambare aliyevaa kanzu na kofia mwaka 1880 akajiita muungwana, je, alisema uongo? Kama vazi ni taarifa, yaani kama kazi yake ni kueleza kile ambacho mtu tayari ni, basi alisema uongo, na waliomtengenezea kanzu hiyo walishiriki uongo wake. Hiyo ndiyo fikra iliyofichika katika shutuma nyingi dhidi ya mitindo, za wanafalsafa na za wahubiri: sura inapaswa kufuata kiini, na sura inayokitangulia kiini ni hila. Fikra hiyo, hata hivyo, haimtendei haki mateka. Inachukua kiini chake kuwa ni utumwa, kana kwamba utumwa ulikuwa ukweli wa nafsi yake na si tendo alilotendewa na wengine. Mbele ya fikra yoyote ya haki, pamoja na fikra ya Uislamu wenyewe, ambao fikihi yake huuchukua uhuru kuwa ndiyo asili ya mwanadamu, aliyedanganya ni mnyororo, na kofia ilikuwa karibu zaidi na kweli.

Inafaa basi kuliona vazi kuwa ni dai kuliko kuliona kuwa ni taarifa. Dai ni kauli inayotaka jambo litambuliwe, na ukweli wake haupimwi kwa kuangalia yaliyokuwapo kabla ya kusemwa tu, bali pia kwa yale ambayo msemaji atayatenda baada ya kulisema na kwa jinsi wasikilizaji watakavyolipokea. Mfano ulio karibu zaidi ni shahada, tamko la imani ambalo kwalo mtu huingia katika Uislamu: anayelitamka kwa mara ya kwanza hatoi habari ya Uislamu aliokuwa nao jana, bali anajifunga kwa neno mbele ya Mungu na mbele ya mashahidi, na siku zinazofuata ndizo zinazoonesha kama neno hilo lilikuwa zito au jepesi. Kanzu ya mateka ilikuwa na umbo la namna hiyo. Ilidai heshima, nayo ilihitaji mashahidi: imamu aliyempa nafasi katika safu, muuzaji sokoni aliyemwita kwa jina lake jipya, jirani aliyekubali kumwoza binti.

Tofauti moja, hata hivyo, inabaki, nayo ni nzito. Shahada hainunuliwi, kanzu ilinunuliwa, tena kwa fedha ambayo yenyewe ilikuwa kitambaa. Wengi kati ya waliodai uungwana kwa vazi walilipia dai hilo kwa kwenda vitani na misafara, wakiteka watu wa vijiji vilivyofanana na vile walivyotekwa wao. Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone aliona soko la Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba kaskazini ya Kasongo, likishambuliwa kwa bunduki na watu wa wafanyabiashara hao, na wengi wa waliokufa walikuwa wanawake waliokuja kuuza na kununua. Historia ya mitindo inayosifu weupe wa kanzu za Kasongo na kulinyamazia soko la Nyangwe imeandika nusu ya ukurasa. Dai la uhuru lilikuwa la kweli, na bei yake ilikuwa uhuru wa mwingine. Kauli zote mbili zinasimama, na mwanafalsafa anayetaka moja iifute nyingine anajirahisishia kazi.

Dini zinasema nini juu ya haya? Wahubiri hupenda kuanza na hatari ya kujionesha, ambayo wanazuoni wa Kiislamu huiita riya, yaani kufanya jambo jema ili watu waone. Lakini maandiko yenyewe ni mapana kuliko hofu hiyo. Sura ya Al-Aaraf inalitaja vazi kuwa ni neema iliyoteremshwa ili kusitiri utupu na pia kuwa pambo, ikiongeza kwamba vazi la uchamungu ni bora zaidi, na baada ya aya chache wanadamu wanaamrishwa wachukue mapambo yao kila waendapo mahali pa ibada. Katika hadithi iliyopokewa na Muslim, mtu alimwuliza Mtume kama kupenda nguo nzuri na viatu vizuri ni kiburi, akajibiwa kwamba Mungu ni mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Upande wa Ukristo, Injili ya Mathayo inawatuliza wanafunzi wasihangaikie mavazi kwa kuwaonesha maua ya kondeni, kisha Injili hiyohiyo, katika sura ya 22, inasimulia habari za mgeni aliyetolewa nje ya karamu kwa kuwa hakuvaa vazi la arusi. Waraka wa Yakobo unaligeuza suala lote: unawakemea wale wanaompa mahali pazuri mtu aliyeingia na pete ya dhahabu na nguo za fahari, huku maskini mwenye mavazi mabovu akiambiwa asimame pembeni. Kosa hapo ni la mtazamaji. Hadithi ya Muslim na waraka wa Yakobo zinakutana mahali ambapo masomo ya mitindo hayafiki mara nyingi, kwa kuwa yanamfundisha mwanafunzi jinsi ya kuonesha na kumwacha anayetazama bila wajibu wowote.

Kasongo ilipata mtihani wake wa kutazama mwanzoni mwa karne ya 20, walipofika Wamisionari wa Afrika, wanaoitwa pia Mapadri Weupe. Shirika lao lilianzishwa Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Lavigerie, ambaye aliwavika mapadri wake vazi lililofuata mavazi ya Waarabu wa Algeria: kanzu pana nyeupe, joho jeupe, kofia nyekundu, na rozari iliyovaliwa shingoni mfano wa tasbihi. Nia ilikuwa kuwakaribia Waislamu wa Afrika ya Kaskazini kwa sura. Huko Maniema vazi hilo lilikutana na kanzu za waungwana, nguo mbili nyeupe zenye ukoo mmoja, moja ikiwa ya padri na nyingine ya mwalimu wa Kurani, katika nchi ambayo dola ilimwamini wa kwanza na kumshuku wa pili. Mtu anayetafuta mfano wa kufundishia mawasiliano ya kuona, wa jinsi alama moja inavyobeba maana zinazopingana kwa kutegemea nani anayeitazama na nani mwenye mamlaka, hatapata ulio bora kuliko huo, na ni ajabu kidogo kwamba haujulikani hata Kinshasa. Tofauti kati ya watu hao wawili haikukaa katika nguo. Ilikaa katika mambo madogo, msalaba mwishoni mwa rozari na umbo la kofia, na zaidi katika yale ambayo kila mmoja alijulikana kuyatenda.

Kaskazini ya Kasongo, kwa Walega wa Pangi na Shabunda, kulikuwa na mafundisho ya mavazi yanayostahili kuitwa ya ngazi ya juu bila kutia chumvi. Bwami, chama cha mafunzo kilichoongoza maisha ya Walega, kilikuwa na madaraja yaliyopandwa moja baada ya jingine, la juu kabisa kwa wanaume likiitwa kindi, na kila daraja lilikuwa na kofia, mikanda, vinyago na vitu vingine vyake. Kofia zilipambwa kwa kauri, kwa vipande vya magamba yanayong'aa, baadaye hata kwa vifungo vya nguo za Kizungu, na ile ya kindi ilikuwa na mkia wa ndovu. Daniel Biebuyck, aliyewachunguza Walega katika miaka ya 1950 na kutoa kitabu chake kikuu mwaka 1973, alionesha kwamba hakuna kitu kati ya hivyo kilichokuwa na maana kikiwa peke yake: kila kimoja kilifunuliwa pamoja na methali, wimbo na mchezo, na anayepanda daraja alifundishwa kukisoma kabla ya kukimiliki. Walega hawakuutenga uzuri na wema; kitu kilikuwa kizuri kwa kuwa kilimfanya mtu awe mwema.

Bwami na uungwana ni falsafa mbili za vazi. Kofia ya bwami ilifuata tendo, kwa sababu hakuna aliyeivaa kabla ya kujaribiwa na kukubaliwa na waliomtangulia, wakati kofia ya muungwana ilitangulia tendo na kumwachia mvaaji kazi ya kuistahili. Ya kwanza inamlinda mtazamaji asidanganywe, lakini inaweza kumfungia nje asiye na ukoo wa kumlipia karamu za kupandishwa daraja. Ya pili inamfungulia mlango mtu asiye na kitu, lakini inamfungulia pia laghai. Hakuna haja ya kuamua ni ipi iliyo bora kwa wakati wote. Kwa mateka wa Kabambare, mlango wa bwami ungebaki umefungwa milele. Serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku chama hicho mwaka 1948, na kofia zake nyingi leo ziko katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, zikiwa zimemulikwa vizuri sana, bila methali zake.

Dola nazo zimejaribu kuwa fundi wa sura ya raia. Rais Mobutu, baada ya kuiita nchi ya Kongo Zaire tarehe 27 Oktoba 1971, alieneza siasa ya uhalisi, yaani kurudi katika asili ya Kiafrika, iliyoondoa majina ya Kikristo, ikapiga marufuku tai na suti ya Kizungu na kuwavika wanaume koti lililoitwa abakosti, na ikawakataza wanawake suruali na mawigi. Mpango huo ulilegezwa katika hotuba yake ya tarehe 24 Aprili 1990. Kwa hoja ya insha hii kasoro yake ni moja: dai linalotolewa kwa amri si dai la anayelivaa. Abakosti ya karani wa Kasongo haikusema lolote juu ya karani.

Kizazi kilichofuata kilijibu kwa kishindo. Wapenda mavazi wa Kinshasa na Brazzaville, ambao mwanamuziki Papa Wemba, mzaliwa wa Lubefu katika nchi ya Watetela ambao ni ndugu wa Wakusu wa Kasongo, aliwapa umaarufu wa dunia, walikwenda mbali hadi kuzungumzia dini ya kitambaa, imani iliyotangazwa na Stervos Niarcos, mwenye fahari ya nguo za wabunifu wa Ulaya na Japani. Ni rahisi kuwacheka, na wahubiri wengi wamewacheka. Hata hivyo, kijana asiye na kazi anayevaa kama tajiri anatoa dai lenye umbo lile la mateka wa Kabambare, kwamba hadhi yake haikuisha mahali umaskini ulipoanzia. Udhaifu wao uko kwingine: wamelifanya kitambaa kuwa shahidi wa kitambaa, na jina la mbunifu lililoshonwa ndani ya koti limechukua nafasi ya jirani anayemjua mvaaji.

Udhaifu huo sasa ni wa wote. Mwanazuoni Mfaransa Roland Barthes, katika kitabu chake cha mwaka 1967 juu ya mfumo wa mitindo, alitofautisha nguo yenyewe, nguo iliyopigwa picha na nguo iliyoelezwa kwa maneno, akaonesha kwamba hizo ni lugha tatu na kwamba biashara ya mitindo huishi katika mbili za mwisho. Sokoni Kasongo, mwanamke aliyevaa kitenge kipya Ijumaa au Jumapili anatazamwa na watu wanaomjua, wanaojua deni lake na sadaka yake, kwa hiyo dai la vazi lake hupimwa papo hapo. Picha yake ikisafiri kwa simu hadi Bruxelles, mashahidi hao wanabaki nyuma. Hapo ndipo mpangaji wa mitindo anapopata uwezo mkubwa na wajibu mkubwa, kwa maana yeye ndiye anayeamua nini kitabaki katika fremu na nini kitakatwa, na mtazamaji wa mbali hana njia ya kumuuliza. Katika eneo kama Kabambare, ambako dhahabu ya Namoya na makundi yenye silaha vimewazoesha watu kuona sare mwilini mwa mtu asiye askari wa yeyote, kumsoma mtu kwa nguo bila shahidi kunaweza kuwa suala la uhai.

Kongo haina upungufu wa misingi ya somo hili. Chuo cha Sanaa cha Kinshasa, kilichoanza mwaka 1943 kama shule ya mtakatifu Luka huko Gombe-Matadi, kina uzoefu mrefu wa kufundisha sanaa za kuona, na shule za sekondari za nchi nzima zina mchepuo wa ukataji na ushonaji unaowapeleka wasichana wengi kwenye cherehani, ingawa ni wachache wanaopata njia ya kuendelea kutoka hapo hadi uzamili. Vyuo vitakavyowafungulia njia hiyo vingefanya vyema kumdai kila mtahiniwa, kando ya kila picha anayowasilisha, aandike mambo matatu: mvaaji anadai nini, ni nani anayemjua anayeweza kulithibitisha dai hilo, na ni nani aliyelipa gharama ya kitambaa. Na mtahiniwa anayetoka Maniema apelekwe kwanza Tongoni, kisha Nyangwe, kabla hajapelekwa Milano.